Marehemu Mmoja Aliyepungua

Waliofika Uketo ni wachache, na hao wachache hawasimulii jambo moja. Wapo wanaosema ni nchi tajiri kupindukia, na wapo wanaoapa kwamba hawajaona ufukara wa namna ile. Wote wamesema kweli. Chande Luhizo, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mtu wa miaka hamsini na tisa mwenye tabia ya kuandika kila alionalo, aliingia nchi hiyo siku ya Jumatatu kwa mwaliko wa kuwa shahidi, uliopigwa mihuri miwili. Jambo la kwanza aliloandika ni kwamba mji mkuu una watu wengi na sauti chache.

Ndivyo ilivyokuwa. Sokoni watu walipishana bega kwa bega, lakini kwa kila aliyenunua muhogo au kubishania bei ya chumvi, palikuwa na mwingine aliyesimama kando, kimya, na tone jeusi la mafuta ghafi katikati ya paji la uso. Hakuna aliyewatazama hao wenye matone. Muuza dagaa mmoja alimwaga maji machafu miguuni pa mzee mwenye tone wala hakusema samahani, na yule mzee akajipangusa akasogea, kama mtu aliyenyeshewa.

Aliyetumwa kumpokea Chande alikuwa Bwana Fumo, Katibu wa Wizara ya Marehemu, mtu mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya anayeogopa kumwamsha mtoto. Chande alipomgeukia bibi mmoja mwenye tone na kufungua kinywa amwamkie, Fumo alimvuta mkono wa koti.

"Taratibu, bwana. Huyo hayupo."

"Hayupo vipi? Si huyu hapa kashika kikapu?"

"Alifariki mwaka juzi, kisheria. Ukimwamkia naye akaitikia, nawe umefariki papo hapo, na mimi nitakuwa na kazi ya kukutafutia upande."

Habari yenyewe, kama Chande alivyoielewa baada ya kuuliza mara tatu, ni hii. Uketo ina pande mbili. Kisimani ndiko mafuta yanakochimbwa, na Bombani ndiko linakopita bomba la kuyapeleka kwa wanunuzi. Mwenye kisima bila bomba ana tope, na mwenye bomba bila kisima ana chuma kitupu. Mtu mwenye akili zake angesema basi washirikiane. Wao walipigana miaka kumi na tisa. Walipochoka waliwaita wataalamu, na wataalamu wakaeleza kwamba mafuta ni mabaki ya viumbe vilivyokufa na kufukiwa zama za kale. Wanasheria wa pande zote mbili waliposikia hivyo walisimama wakapiga makofi. Kumbe mafuta ni mali ya marehemu! Mkataba ukaandikwa: kila upande utapata fungu lake kwa kadiri ya idadi ya wafu wake.

Mkataba huo ulileta amani siku ileile, kwa sababu ambayo hakuna aliyeitazamia. Majemadari waligundua kwamba kila adui wanayemuua wanamwongezea adui fungu, na bunduki zikafungiwa ghalani kabla jua halijatua. Chande aliandika jambo hili kwa furaha. Kisha akaandika lililofuata, na mkono ukawa mzito: ikiwa kumuua wa mwenzio ni hasara, basi faida iko katika kufiwa.

Hawakuwachinja watu wao, la. Wale si makatili, na visima vinahitaji mikono. Walitunga kifo cha sheria. Mtu hukalishwa kwenye kigoda mbele ya Baraza, shahidi akaulizwa kama anamwona, akajibu "simwoni", na Katibu akampaka tone. Tangu hapo haamkiwi, haitwi jina, hajibiwi neno. Chakula chake huwekwa sakafuni. Kazi za visimani anafanya kama kawaida, ila mshahara hapati, kwani wapi umeona maiti akipanga foleni ya mshahara? Wala marehemu hawaruhusiwi kuzungumza wao kwa wao, wasije wakaunda chama.

"Na kwa nini shahidi awe mgeni?" Chande aliuliza.

"Mwenyeji ataaminika na nani?" alisema Fumo. "Wa Kisimani akisema haoni, Bombani watasema mwongo huyo. Wa Bombani akisema anaona, Kisimani watasema ana kijicho. Mgeni hana upande. Mashahidi kumi na wanne wamekutangulia, kila mmoja na maelfu yake. Wote walisema simwoni, na wote wakarudi kwao na zawadi."

Mashindano hayo ya kufiwa yalikwenda miaka tisa. Mwishowe wakubwa walichoka tena, wakaamua kwamba idadi za wafu zikilingana tu, mafuta yagawanywe nusu kwa nusu na kigoda kivunjwe. Nusu kwa nusu, neno ambalo wauza chumvi wa sokoni walilisema tangu siku ya kwanza na hakuna aliyewasikiliza. Bombani walikuwa na marehemu elfu arobaini na moja, mia tatu na sita. Kisimani walipungukiwa na mmoja. Kikao kilipangwa Alhamisi, na kikifungwa bila idadi kulingana, mkataba umekufa na bunduki zinatoka ghalani. Kisimani wakapiga kura, na kura ikamwangukia binti wa miaka ishirini, jina lake Siwema.

Desturi ilitaka shahidi alale siku tatu nyumbani kwa yule atakayekalishwa kwanza katika zamu yake. Sheria, alieleza Fumo bila kutabasamu, inamtaka shahidi amjue vizuri mtu atakayesema hamwoni, asije akakosea akaacha kumwona mtu mwingine.

Nyumba ilikuwa ya Bi Kidawa, mama yake Siwema. Alimpokea Chande kwa maji ya kunawa na kiti chenye mto, akamwita kaka, kisha akageukia ukuta.

"Ukuta wangu," alisema, akiutazama udongo, "leo tuna mgeni. Katoka mbali. Ndiye yule wa Alhamisi."

Chini ya ukuta huo, kwenye mkeka, alikuwa ameketi mwanamume mwenye mvi na tone jeusi usoni. Aliinua macho, akamwangalia Chande tangu kichwani mpaka viatuni, akayainamisha. Bi Kidawa alipakua wali, akaweka sahani moja sakafuni kama mtu anayemwekea paka, bila kutazama mahali anapoiweka. Lakini Chande aliona kwamba sahani ile ndiyo iliyokuwa na kipande kikubwa cha samaki. Alikuwa amekaa kortini miaka ishirini na saba, amesikia mengi ya kutisha, na hakuna lililomtisha kama upole wa sahani hiyo.

Huyo alikuwa mume wa Bi Kidawa, baba yake Siwema. Kura ilimwangukia miaka sita iliyopita. Kwa miaka sita mke alikuwa akimwambia ukuta habari za nyumba: bei ya unga, jirani aliyejifungua, paa linalovuja. Na ukuta, tuseme, ulikuwa ukisikia, kwani paa lilizibwa na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeliziba.

Siwema alikuwa muuza vitumbua, na sauti yake ilifika mlangoni kabla yake.

"Mjomba, shikamoo! Hivi wewe macho yako yanaona vizuri?"

"Marahaba. Yanaona, ila bila miwani sioni vya karibu."

"Basi Alhamisi miwani uisahau hapa, tusipate tabu sote!" Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, akaketi. "Mimi, mjomba, siogopi kazi ya visimani. Kula sakafuni nako nitazoea. Naogopa kunyamaziwa. Nikinyamaziwa saa moja tu naumwa kichwa, muulize mama."

"Huyu hata usingizini anaongea," alisema Bi Kidawa. "Tangu mdogo. Ukimsikia kanyamaza, ujue anaumwa."

Chande alicheka nao, na kicheko kikamchoma. Kwa maana moyoni alikwisha kuamua. Angesema simwoni. Hakuwa shujaa, na hakujidanganya kwamba ni shujaa. Zamani zake za ukarani aliandika mara nyingi mambo asiyoyaona kwa sababu hakimu kasema yaandikwe, na hapa neno moja lingezuia vita visirudi. Binti mmoja kwa nchi nzima. Alilipima jambo hilo kila upande, na kila upande likatoka sawa. Hata hivyo chakula kilimshinda.

Jumatano alasiri Bi Kidawa alikuwa akichambua mchele, Chande ameketi karibu yake. Mama huyo alisema bila kuinua macho kwenye ungo.

"Kaka Chande, mimi sikuombi uongo. Watu wa zawadi ndio wanaoomba uongo. Nakuomba useme kweli tu, mara moja, kisha Mungu ndiye ajuaye."

"Na bunduki zikitolewa, Bi Kidawa?"

"Unadhani sizijui bunduki? Wanangu wawili wa kiume wako chini ya udongo, wafu wa kweli wale. Zikitolewa, zitatolewa na wenye mikono ya kuzitoa. Si wewe." Akapepeta, makapi yakaruka. "Ukuta huu nimeuambia habari miaka sita. Siwezi kuongeza ukuta wa pili."

Mwanamume aliyekuwa mkekani aliondoka polepole akatoka nje.

Alhamisi asubuhi Baraza lilijaa. Kisimani waliketi kushoto, Bombani kulia, na kati yao mstari mweupe wa chokaa. Kuta zote nne zilikuwa zimezungukwa na marehemu waliosimama, mamia kwa mamia, maana kila upande ulipenda kuonyesha mali yake. Hakuna aliyekohoa. Chande alijikuta akisikiliza kama wanapumua.

Kikao kilianza na shauri la mguu. Koplo mmoja wa Kisimani alikatika mguu vitani, na mguu ukazikwa katika ardhi ya Bombani. Mwenyewe yu hai, na ni hodari wa bao. Bwana Zahoro, msemaji wa Kisimani, alidai mguu uhesabiwe kuwa sehemu ya marehemu. Bi Mize, msemaji wa Bombani, alisema mguu umelala kwao miaka kumi na miwili, umekwisha kuwa mwenyeji. Kamati ya mguu ilitoa taarifa kwamba imekaa miezi minane na inaomba iongezewe muda. Ikaongezewa. Pande zote mbili ziliipongeza kwa kazi nzuri.

Kisha Siwema akaletwa, akakalishwa kwenye kigoda, miguu pamoja, mikono mapajani. Mtu wa kigodani haruhusiwi kusema. Bi Kidawa alikuwa safu ya mwisho upande wa Kisimani, na baba yake Siwema ukutani, miongoni mwa wenye matone, hatua kumi kutoka kwa mkewe.

Fumo alimsimamisha Chande juu ya mstari wa chokaa, mguu huku na mguu huku.

"Shahidi, kwenye kigoda hiki unamwona mtu?"

Chande alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini, amelirudia tangu alfajiri. Siwema alikuwa akitetemeka, midomo kaibana kwa nguvu zote, na macho yake hayakumwomba Chande kitu. Yalikuwa yakimkagua tu, kama wafanyavyo watu waoga wanaotafuta pa kuyaweka macho yao. Ndipo midomo ikamshinda.

"Mjomba," alinong'ona, "miwani yako imekwenda upande."

Mkono wa Chande uliinuka wenyewe ukainyoosha miwani. Ulifanya hivyo mbele ya watu wote kabla hajawaza, na alipowaza alikuwa amekwisha kumwona vizuri zaidi.

"Namwona," alisema. "Namwona, na sauti yake naisikia. Ni Siwema, muuza vitumbua."

Wajumbe wote waligeuka kumtazama. Hata marehemu waligeuza shingo, jambo lisiloruhusiwa. Bwana Zahoro ndiye aliyesimama kwanza, uso umemvimba.

"Bwana Katibu! Tangu lini mtu aliye hai akamwona marehemu? Wafu ndio wanaoonana! Huyu shahidi ni mfu. Mimi hata hapo aliposimama simwoni."

Fumo aligeukia kulia. "Bombani mnasemaje?"

Bi Mize alimtazama Chande kwa muda, kama mama anayechagua kitambaa. "Simwoni," alisema. "Mwenye kumwona anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulioinuka, kushoto wala kulia. Lilikuwa azimio la kwanza kupita kwa kauli moja tangu Baraza hilo liundwe, na wajumbe walitazamana kwa mshangao, wengine machozi yakiwalengalenga. Chande alisema, "Jamani, mimi niko hapa." Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi. Mjumbe mmoja wa mbele alifunga dirisha, kana kwamba upepo ndio uliopiga kelele.

Hapo amani ilikuwa mkononi mwao. Marehemu mmoja alipungua, na marehemu mmoja amepatikana. Lakini Bi Mize alikuwa bado hajaketi.

"Marehemu huyu aliingia nchini kwa lango la Bombani. Ni wetu. Tuko elfu arobaini na moja, mia tatu na saba."

"Kafia kwenye shauri la Kisimani!" alifoka Zahoro. "Kala wali wa Kisimani siku tatu!"

"Mguu wake wa kulia uko kwetu."

"Na wa kushoto uko wapi?"

Wakaanza upya. Fumo alisikiliza mpaka sauti zikakwaruza, kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba ushahidi wa marehemu haupokelewi, hivyo binti arudi nyumbani kama alivyokuja. Na kwa kuwa haijulikani marehemu mpya ni wa nani, na wa kuamua hilo ni shahidi mgeni, kikao hakifungwi. Kinaahirishwa hadi atakapopatikana shahidi mwingine. Kabla hakijafunguliwa tena, hakuna bunduki itakayotolewa na hakuna mtu atakayekalishwa kigodani. Akachovya kidole kwenye kichupa, akampaka Chande tone bila kumtazama usoni. Kidole kilikuwa cha baridi, nacho kilikawia pale kidogo kuliko ilivyohitajika.

Chande alielewa kabla hajafika mlangoni. Wanaolinda lango la nchi wasingemzuia, maana mtu hazuii asichokiona. Angeweza kwenda zake hata siku hiyohiyo. Lakini marehemu akitoweka, shauri lake limekwisha. Shauri likiisha, kikao kitafunguliwa, na Kisimani bado watakuwa wamepungukiwa na mmoja, na kura ilikwisha kupigwa. Alisimama kizingitini muda mrefu akiutazama uchochoro uliokuwa ukielekea langoni. Kisha akawafuata wenye matone, wakashuka pamoja kwenda visimani.

Barua za kutafuta shahidi zilipelekwa nchi nyingi. Majibu yalikuwa ya adabu, na hakuna aliyekuja. Bunduki ziliendelea kulala ghalani. Mafuta yaliendelea kukaa kwenye mapipa bila kuuzwa, na watu wakaendelea kupikia kuni.

Mahali pa Chande palikuwa kwenye gurudumu la pampu ya tatu, akilizungusha pamoja na mtu mmoja mwenye mvi, baba yake Siwema. Hawakuzungumza. Kila asubuhi Siwema alipita njia ya juu na beseni lake la vitumbua, akasimama penye uzio wa waya. Asubuhi ya kwanza Chande aliomba moyoni asiseme kitu. Alisema.

"Shikamoo, mjomba." Kimya. "Shikamoo, baba." Kimya. "Leo unga umepanda tena. Mama anawasalimu, ila ameusalimu ukuta."

Hakuwa amemwamkia baba yake kwa miaka sita. Sasa aliwaamkia wote wawili kila siku iendayo kwa Mungu, akijua kinachoweza kumpata, na kila siku alingoja kidogo kabla ya kuinua beseni. Walinzi wa Kisimani walikuwa wakisimama karibu na masikio yao wazi, maana itikio moja lingemfanya Siwema marehemu wao, bila shahidi wala kigoda. Chande aliishika kila salamu moyoni kutwa nzima, naye alikuwa mtu ambaye hajawahi kuiacha salamu bila kuiitikia tangu apate akili.

Siku ya arobaini kulinyesha. Siwema alisimama kwenye uzio amelowa, sauti imemkauka kwa mafua, akasema, "Shikamoo, baba. Leo naumwa." Hakuongeza neno jingine, na kwa Siwema hilo lilikuwa jambo la kutisha. Gurudumu lilisimama. Chande aligeuka akamwona mzee amelishika kwa mikono miwili, koo linapanda na kushuka, midomo imekwisha kuachana, na ile sauti ya miaka sita iko njiani inakuja.

Alimrukia akamziba kinywa kwa kiganja kilichojaa mafuta. Mzee alipambana naye, na nguvu bado alikuwa nazo. Chande alimkumbatia kichwa, akakikandamiza kifuani, akasikia neno linampiga kiganja kwa ndani, mara moja, mara mbili, mara tatu, vuguvugu. Hakuondoa mkono mpaka Siwema alipoinua beseni lake akaenda zake akiwa hai.